Studio ya picha sebuleni kwako: anza na taa moja, tena usianze na taa

Sebule yetu ni futi 12 kwa 14, nyumba ya kupanga huku Pasua, Moshi, na ndio studio yangu mwaka wa nne huu. Jumamosi asubuhi makochi yanasukumwa ukutani, kapeti linakunjwa, tivii inavalishwa kanga, alafu jioni kila kitu kinarudi mahali pake kabla waifu hajatoka sokoni. Naanza na hilo maana watu wakisikia studio wanawaza ukumbi wenye kiyoyozi na taa sita zinaning'inia darini, wanakata tamaa, au mbaya zaidi wanakopa wananunua seti nzima, taa tatu na miavuli na vitambaa vya rangi zote, vinafika, wanafungua, wanapiga, na picha zinatoka mbovu vilevile kama zamani ila sasa wana na deni.

Mi nimeharibu picha za watu wengi mpaka kulielewa hili: studio ni chumba ambacho mwanga wote uliomo umeingia kwa ruhusa yako. Basi. Taa moja ndani ya chumba unachokitawala inashinda taa nne kwenye chumba kinachovuja mwanga kila kona. Kwaiyo hapa nitaenda hivyohivyo, chumba kwanza, taa baadae.

Hatua ya 1: pima chumba, alafu kiue mwanga

Chukua futikamba upime, usikadirie kwa macho. Sababu ni lenzi. Kama una kamera za kawaida hizi zenye sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga (wengi wetu ndizo tulizonazo) na lenzi ya mm 50, kumpiga mtu kuanzia kichwani mpaka kiunoni unahitaji kusimama kama mita 2 na kitu kutoka kwake, hapo sebule yoyote inatosha. Ila kumpiga mzima mpaka viatu unahitaji karibu mita 5, na bado yeye anatakiwa awe mbali na ukuta. Futi 14 ni mita 4 na robo tu. Ndio maana mi picha za mtu mzima napigia koridoni, mlango wa sebule wazi, mgongo wangu umegusa mlango wa choo, au nabadilisha naweka lenzi ile iliyokuja na kamera naifungua mm 28 hivi, hapo mita 2 na nusu inatosha. Usishuke sana chini ya hapo ukiwa karibu na mtu, pua inavimba na kichwa kinakuwa cha ajabu, mteja hatajua kwanini ila ataichukia picha.

Sasa mwanga. Funga madirisha yote kwa pazia zito, zima taa ya darini, kaa humo dakika mbili macho yazoee, utashangaa mwanga unavyopenya chini ya mlango na pale juu kwenye zile nondo za kupitisha hewa. Haihitaji giza la kaburini ila inahitaji giza la kutosha. Mi nilishona blanketi mbili za mtumba nilizotoa soko la Memorial, nikatoboa pembe nikaziwekea kamba, napachika kwenye misumari mitatu nachomoa jioni.

Alafu angalia rangi ya kuta, hii wengi hawaijui. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa pichi, kijani mpauko au ile njano ya mayai. Mwanga ukigonga ukuta wa kijani unarudi wa kijani, unaingia shavuni kwa mteja, na hakuna programu ya kuhariri itakayoutoa vizuri maana umeingia upande mmoja tu wa uso. Ukiweza, omba ruhusa kwa mwenye nyumba upake nyeupe. Ukikataliwa kama mimi, tundika shuka nyeupe upande ule ulio karibu na mtu. Na kama unapenda ile shuka ya kimasai nyekundu uitumie kama bakigraundi, hiyo poa, inapendeza sana, ila mtu asimame mbali nayo la sivyo masikio yatakuwa mekundu.

Hatua ya 2: kabla hujanunua kitu, jifunze kwa dirisha

Dirisha ni taa kubwa ya bure. Shida yake linabadilika, na sisi wa huku kwetu kuna jambo lake ambalo mafunzo ya wazungu mtandaoni hayatakwambia. Wao kwao wanasema tumia dirisha la kaskazini mwaka mzima. Huku tupo nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua linahama. Kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa jua la mchana lipo upande wa kaskazini, alafu miezi iliyobaki lipo kusini. Na kwa mtu wa Moshi mjini kaskazini haihitaji dira, ni mlimani, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ipo kaskazini kabisa ya mji. Kwa mtu wa Arusha ni karibu sawa, Meru ipo kaskazini imeegemea mashariki kidogo.

Kwaiyo mwezi wa sita na wa saba dirisha linaloangalia mlimani linaweza kupigwa jua, tumia la upande wa pili. Desemba geuza, dirisha la mlimani ndilo linalokaa kivulini mchana kutwa na linatoa mwanga mlaini ule unaoutaka. Ila yale mawingu ya asubuhi ya mwezi wa saba, mlima umejifunika shuka na kibaridi juu, yale usiyalaumu, anga zima linakuwa softboksi moja (lile boksi la kitambaa cheupe la kulainisha mwanga wa taa), toka kibarazani upige.

Kaa na dirisha hata mwezi. Mtu akae ubavu kwa dirisha, umbali wa hatua moja, upande wa pili mwekee kitu cheupe. Kama una simu tu, hatua hii ndio studio yako nzima, bonyeza uso wa mtu kwenye skrini kwa muda mpaka fokasi ijifunge, shusha mwanga kidogo kwa kidole, na futa lenzi jamani, simu zinakaa mfukoni na mafuta ya chipsi alafu tunalaumu kamera.

Hatua ya 3: bakigraundi

Usinunue ile mirija ya karatasi kwanza, ina upana wa mita 2.72 na sebule yako ina futi 12, utaipitisha wapi mlangoni. Kitambaa kinatosha. Marekani (ile pamba nzito ambayo haijapakwa rangi) ukiifua mara mbili inakuwa na rangi ya maziwa nzuri sana kwa picha za familia. Kwa nyeusi tafuta velveti, sio sateni, velveti inakunywa mwanga wakati sateni inaurudisha wote. Kwa kijivu, hapa ndio pazuri, huna haja ya kununua kijivu, nitakwambia chini kwanini.

Pasi. Piga pasi kitambaa alafu kivute kwa vibanio vya nguo kwenye bomba la pazia. Mikunjo huwezi kuiona kwa macho lakini taa ikitoka ubavuni kila mkunjo unaweka kivuli chake.

Na mtu asiegemee. Mita moja na nusu kutoka kitambaani, ikishindikana mita moja. Mtu akiwa amegandana na ukuta kivuli chake kinaganda naye, ndio zile picha mtu anaonekana kama ana pacha mweusi nyuma ya sikio.

Hatua ya 4: stendi, na hadithi ya ndoo

Stendi za dukani zipo, ila zile nyepesi kabisa ni hatari. Ya kwangu ya kwanza ilibebeshwa softboksi, mtoto akapita mbio, ikaenda kama mgomba wenye mkungu mzito. Ilidondokea stuli ambayo dakika moja kabla alikuwa amekaa binti wa jirani, alikuwa ameenda kunywa maji jikoni. Tangu siku ile silali na hilo.

Fanya hivi: ndoo tupu ya rangi ya lita 20, bomba la chuma la robo tatu lenye urefu wa mita 2 na kidogo, simamisha katikati, mwaga zege, acha siku tatu. Juu mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee kichuma cha mviringo chenye unene wa mm 16, hicho ndicho kipimo cha kichwa cha stendi karibu zote duniani, kwaiyo taa yoyote utakayonunua baadae itaingia. Ni nzito, haibebeki, haipendezi, na hakuna mtoto atakayeiangusha. Ukitaka stendi ya kawaida ya kubeba sawa, ila jaza mchanga kilo 5 kwenye kimfuko cha sandarusi ukining'inize mguuni, kila siku, hata kama unapiga picha mbili.

Waya za umeme zibandike chini kwa tepu pana. Eksitensheni moja usiipachikie kila kitu, pasi na jagi la umeme viwe na tundu lao. Na kama taa zako ni za kuchomeka ukutani, zipitishie kwenye ile fridji gadi, umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo isife taa.

Hatua ya 5: taa yenyewe

Utakutana na watu wa aina mbili, wa taa za kuwaka muda wote na wa flashi. Taa za kuwaka, LED, uzuri wake unaona kivuli kabla hujapiga, na video unafanya humohumo. Ubaya wake ni nguvu, ukishaweka kitambaa cha kulainisha mbele yake mwanga unapungua, unaanza kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), unafungua apacha (tundu la lenzi), spidi ya kupiga picha inashuka, mtoto akitikisika picha ina ukungu. Na zile balbu za kawaida za nyumbani usizitumie kabisa, nyingi zinaacha ngozi ya kijani, na umeme wetu ni wa hezi 50 kwaiyo balbu nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, we huoni ila kamera inaona, unapata mistari. Ukilazimika, weka spidi 1/50 au 1/100, mistari inatulia.

Ringilaiti sizipendi, acha niseme tu. Zinamulika uso kutoka mbele kila mahali sawa, sura inakuwa bapa kama sinia, na kwenye macho kunabaki duara kama donati. Kwa kupaka mekapu na kurekodi video ya kuuza mitumba sawa.

Mimi ni mtu wa flashi. Flashi ndogo ile ya kukaa juu ya kamera, yenye kurekebishwa nguvu kwa mkono, kuanzia 1/1 (nguvu yote) mpaka 1/128. Mi nilianza na Godox TT600, inakula betri 4 ndogo na ndani yake kuna kipokezi cha redio tayari, kwaiyo unanunua triga (kifaa cha kuiamrisha flashi iwake) moja tu ya kampuni hiyohiyo unaweka juu ya kamera. Hakikisha triga ni ya kamera yako, ya Sony haikai kwenye Canon. Betri nunua za kuchaji, seti mbili, moja inafanya kazi nyingine ipo kwenye chaja, zinairudishia flashi pumzi haraka kuliko zile za kutupa. Na faida kubwa ya huku kwetu, umeme ukikatika we unaendelea na kazi. Nishapiga kipaimara nzima ya dogo mmoja mtaa mzima upo gizani.

Hatua ya 6: ifanye taa iwe kubwa

Flashi peke yake ni kitundu kidogo, inatoa kivuli kikali na paji la uso linang'aa kama sufuria. Lazima uikuze. Kanuni ni moja, mwanga unalainika kadri chanzo chake kinavyoonekana kikubwa kutoka pale alipokaa mtu. Kinavyoonekana, sio kilivyo. Jua ni kubwa kuliko dunia mara nyingi sana ila lipo mbali, kwaiyo saa sita mchana kivuli chake kina makali ya wembe. Softboksi ya sm 90 ikiwa mita moja kutoka usoni ni laini kabisa, isogeze mita tatu, ni tochi.

Mwavuli mweupe ni wa bei rahisi zaidi ila kwenye sebule ndogo unamwaga mwanga kila ukuta, kazi yote ya blanketi inapotea. Softboksi ya mduara yenye kitambaa mbele ni bora. Kama mfuko umetoboka, seremala akutengenezee fremu ya mbao mita 1 kwa 1, ivalishe shifoni nyeupe mara mbili, isimamishe kati ya flashi na mtu, flashi ikae nyuma yake kama mita moja ili ijae fremu yote. Naitumia mpaka leo kupiga chakula.

Upande wa pili rifrekta, kitu cheupe cha kurudisha mwanga. Lile stairofomu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii au friji, usilitupe. Au karatasi ya manila gundisha kwenye kadibodi. Watu wanatumia foili, mi naona ni kali mno.

Hatua ya 7: seti kamera, alafu piga picha nyeusi

Weka kamera kwenye M, yaani unaseti kila kitu kwa mkono. ISO 100, spidi 1/160, apacha f/8, waiti balansi (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye alama ya flashi au 5500, na fomati iwe RAW (faili ghafi la picha). Zima flashi. Piga picha. Picha inatakiwa itoke nyeusi tii. Ukiona chochote, hata mwanga mdogo dirishani, maana yake chumba chako bado kinavuja, rudi hatua ya 1 ukazibe. Hiki kipimo ndio mlango wa studio, usikiruke. Kikitoka cheusi, sasa washa flashi 1/8, piga, picha iking'aa sana shusha 1/16, ikiwa giza pandisha 1/4. Spidi usiiguse, maana flashi ni kitu cha kufumba na kufumbua, spidi haiongezi wala kupunguza mwanga wake, inapunguza ule wa chumba tu.

Na usipandishe zaidi ya 1/200, kamera nyingi mwisho wake ni hapo au 1/250. Mi niliwahi kupiga familia ya watu tisa wametoka kanisani, wamependeza, suti zimepigwa pasi, mi kidole kilizungusha bila kujua ikaenda 1/500, skrini ndogo, jua kali, sikuona. Nyumbani kila picha ina mkanda mweusi chini, shata, lile pazia la ndani ya kamera, ilikuwa imeshaanza kujifunga flashi inawaka. Miguu ya familia nzima haipo. Niliwapigia simu nikawaita tena, nikawanunulia soda na keki, baba wa ile familia mpaka leo akiniona stendi ananiuliza, "Fundi, leo miguu yangu unaiona?"

Hatua ya 8: kaa na parachichi

Hii ndio hatua ninayoipenda na watu wanaiona ya kipuuzi. Kabla hujamwita binadamu nenda kwa Mangi kanunue parachichi moja, lile dogo la ganda gumu lenye vipele ambalo likiiva linakuwa jeusi, liweke kwenye stuli juu ya kikombe. Hilo ndio mteja wako. Ni jeusi, lina mng'ao, lina matundu kama ngozi, haliombi maji.

Weka taa mbele kabisa juu ya kamera. Piga. Utaona duara jeusi na doa jeupe katikati, halina umbo, ungeambiwa ni jiwe ungekubali. Sasa hamisha taa taratibu kuelekea ubavuni, piga kila hatua. Ikifika kama nyuzi 45, juu kidogo, vipele vinaanza kujitokeza kimoja kimoja, ule mng'ao unahama kutoka katikati unaenda ukingoni, unanyooka unakuwa mstari mrefu mlaini, na parachichi linakuwa la mviringo, unataka kulishika. Endelea mpaka ubavu kabisa, nusu inapotea gizani. Rudisha. Weka rifrekta upande wa giza, isogeze, uone giza linavyofunguka.

Hapo umejifunza ngozi nyeusi. Ngozi yetu haichorwi na kivuli tu, inachorwa na mng'ao, na mng'ao unakaa pale unapouweka we kwa kuhamisha taa. Taa ndogo inaweka doa kali, taa kubwa inaweka utelezi mzuri kwenye shavu na mfupa wa pua. Ndio maana ukiona picha ya mtu mweusi imefifia dawa sio kuongeza nguvu ya flashi, dawa ni kukuza taa na kuisogeza karibu.

Nilijifunza kwa bibi mmoja wa Kibosho aliyeletwa na mjukuu wake. Nilikuwa bado natumia otomatiki. Nimemweka mbele ya kitambaa cheupe, kamera ikaona weupe mwingi ikaogopa ikashusha kila kitu. Nikamwonyesha.

"Shikamoo bibi, angalia hii."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Ni wewe bibi."

"Mjukuu wangu, mimi ni mweusi, najijua, lakini nina macho. Macho yangu yapo wapi?"

Aisee. Otomatiki kazi yake ni kutaka picha nzima iwe kijivu cha wastani, kitambaa kikiwa cheupe inauzamisha uso, na uso mweusi ukijaa fremu inauchoma mpaka unakuwa wa majivu. Seti kwa mkono, kuza picha skrini angalia shavu na macho, sio kitambaa. Na usimwangazie mtu mpaka abadilike rangi, mteja akitaka hivyo mweleze kwa adabu, akisisitiza hela ni yake.

Hatua ya 9: mweke mtu

Taa nyuzi 45 pembeni, juu ya macho, inaangalia chini kidogo. Angalia macho yake, doa la mwanga likae kama mshale wa saa ya ukutani, saa nne au saa nane. Likiwa saa sita kamili taa ipo katikati mno, lisipokuwepo kabisa taa ipo juu mno na macho yamekufa. Miwani ikirudisha mwanga pandisha taa kidogo, au mwambie ainue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio, kioo kitainama, mng'ao utaondoka. Jasho la Moshi la mwezi wa pili utalijua tu, weka tishu, gandamiza usifute.

Sasa ile siri ya kijivu. Mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo, mara tatu unabaki sehemu moja ya tisa. Kwaiyo taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta mweupe upo mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta unapata moja ya tisa tu, unatoka kijivu kizito. Sogeza mtu na taa karibu na ukuta, unatoka kijivu chepesi. Ukuta uleule mmoja, shuka ileile moja. Ukitaka uwe mweupe kweli hapo ndio unahitaji taa ya pili ya kuumulika wenyewe, na hiyo ndio sababu ya kwanza halali ya kununua taa ya pili. Sababu ya pili ni nywele nyeusi kwenye velveti nyeusi, mtu anabaki uso unaoelea, unaweka taa ndogo nyuma yake juu imguse bega na nywele.

Kanuni hiyohiyo inakuumiza kwenye makundi. Watu wanne kwenye mstari, taa ipo mita 1 kutoka kwa wa kwanza na mita 2 kutoka kwa wa mwisho, wa mwisho amepata robo, atauliza kwanini kaka yake mweupe. Rudisha taa mita 3, sasa wa kwanza yupo mita 3 wa mwisho mita 4, tofauti inakuwa ndogo, ongeza nguvu ya flashi. Kivuli kitakuwa kikali kiasi, vumilia. Watu zaidi ya sita mi siwaingizi ndani, tunatoka kibarazani kwenye kivuli, Desemba watu wanarudi kutoka Dar na kwingine ukoo mzima unataka picha moja, sebule gani hiyo.

Picha za paspoti saizi haraka: kitambaa cha bluu kama ndicho walichoagizwa, taa mbele karibu na katikati, rifrekta kubwa magotini, mtu mbali na ukuta, masikio yaonekane, imeisha.

Hatua ya 10: kufunga kazi

Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika, hivyo viwili vinakula vifaa kuliko wezi. Lenzi zikikaa kwenye begi la kitambaa mvua za mwezi wa nne zinaota fangasi ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, kuisafisha ni gharama. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka lenzi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, omba kwa wauza viatu wanavyo vya kumwaga, vibadilishe mara kwa mara. Kubadilisha lenzi zima kamera, iangalie chini, feni isiwe inawaka.

Betri toa kwenye flashi, zikiachwa zikavuja zinakula zile chuma za ndani. Softboksi ikunje ikishapoa. Picha hamishia kwenye laptopu na diski ya nje kabla hujafuta kadi, na kadi usiifute mpaka mteja apokee. Alafu kunjua kapeti kwanza, ndio urudishe makochi, mi nilishafanya kinyume nikajikuta nanyanyua kochi la watu watatu peke yangu na nasikia geti linafunguliwa.